Nyongeza ya Nyuzi

Mama yangu aliuza nafaka sokoni Majengo: mtama, uwele, mahindi, na karanga msimu wake ukifika. Kipimo chake kilikuwa kopo la bati. Alilijaza mpaka likafanya kilima juu, akamwaga kwenye mfuko wa mteja, kisha akachota konzi moja zaidi na kuitupia humo. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja ambaye hakupewa nyongeza hakuondoka. Alisimama pale pale akimtazama mama, na mama, hata awe amekasirika vipi, mwishowe alimwekea. Mimi nilikulia nyuma ya magunia yale, nikaamini kwamba hakuna kipimo duniani kinachotimia bila mkono wa mtu kumalizia. Nikaenda nayo imani hiyo kwenye somo la hisabati.

Nilizipenda hisabati, na zaidi ya yote nilizipenda pembetatu. Nayasema haya bila aibu, ingawa nawafahamu watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao ukiwatajia pembetatu hubadilisha mazungumzo. Sehemu zilinichosha. Riba sikuielewa. Lakini ukinichorea pembetatu, ukaniambia pembe hii ni nyuzi sabini, ile ni hamsini, tafuta ya tatu, nilikuwa kama mtu aliyeitwa mezani. Sabini na hamsini, mia na ishirini. Toa kwenye mia na themanini. Inabaki sitini, na hakuna wa kunibishia. Raha zaidi ilikuwa pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa. Pale unapewa pembe ya juu peke yake, na bado unazipata mbili za chini, kwa sababu pacha hawafichani kitu. Nilizichora mchangani uani kwetu nikingoja ugali uive, na mara mbili tatu ugali uliungua kwa sababu hiyo.

Huko kulikuwa kuhesabu. Kupima kulikuwa jambo jingine, kwani kupima kulitaka kipimapembe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka ambayo rafu zake tulizoea kuziona tupu yalianza kujaa. Mitumba ilitandazwa chini hadi njia ikaziba, na sabuni haikupangiwa foleni tena. Mikebe ya hisabati nayo ikafika, ikapangwa nyuma ya kioo cha duka moja karibu na soko, nasi tukawa tunapita kuitazama kila tukitoka shule. Nilipomwomba mama, alinijibu kwamba hesabu ziko kichwani, haziko kwenye kopo. Mwanamke aliyeishi kwa kopo!

Shuleni kwetu kulikuwa na kipimapembe kimoja kikubwa cha mbao, cha kutumia ubaoni. Mchwa walikila wakati wa likizo. Kilichobaki kilikuwa nusu duara ya udongo ukutani, nyuzi zote tumboni mwa mchwa. Kwa hiyo darasa zima tukamtegemea jirani yangu wa dawati. Alikuwa msichana mwenye maringo na roho nzuri kwa pamoja, na mjomba wake alimletea mkebe kamili kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na kipimapembe cha plastiki, kinapitisha mwanga, ukikiweka juu ya mstari unauona. Alituazima tukinakili, kwa sharti kwamba tumchotee maji ya zamu yake mpaka muhula uishe.

Tukanakili. Maboksi hayakuwa tatizo. Ruksa ilituletea maboksi ya kila namna, mengine yana maandishi ambayo hata walimu hawakuyaweza. Uliweka cha plastiki juu ya boksi, ukakizungushia penseli, ukatia alama za nyuzi pembeni, kisha ukakata kwa wembe ule ule wa kuchongea penseli. Wengine walinakili cha plastiki, wengine walinakili cha waliotangulia. Siku chache baadaye mwenye mkebe alikikalia kipimapembe chake kikavunjika vipande, akalia sana, ikabidi naye tumtengenezee cha boksi.

Hatukuwa wazembe. Tulivijaribu. Kona ya daftari kila mtu anajua ni pembe mraba, nyuzi tisini, basi tukavipima hapo, na vyote vilisoma tisini kamili. Tukaridhika. Ila tulipoanza kupima pembetatu, jumla haikufika. Ulipata mia sabini na mbili, mwenzako mia sabini na tatu. Kitabu kinasema mia na themanini, mwalimu anasema mia na themanini. Watoto wa mahali pengine labda wangeshtuka. Sisi wa Majengo, ambao wazazi wetu karibu wote walikuwa wa sokoni, tuliona jambo la kawaida kabisa: kipimo hakijajaa, weka nyongeza.

Kilichotugombanisha ni mahali pa kuiweka. Jirani yangu alisema iwekwe kwenye pembe kubwa, kwa kuwa kubwa haionyeshi ikiongezwa. Mimi nilishikilia iwekwe kwenye ndogo, maana ndiyo yenye njaa. Siku moja tulinuniana kwa sababu hiyo mpaka kengele ya mwisho. Mwalimu wetu wa hisabati, mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu, alitazama jumla tu. Akikuta mia na themanini alitia tiki na kusonga mbele.

Tulipokuwa darasa la sita akaletwa mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa binti mwembamba wa upande wa Kongwa, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipanga chumba cha uani kwetu, kwa hiyo mimi nilikuwa naye pande zote mbili: nyumbani nilimwita dada, na nikivuka geti la shule tu nikamwita mwalimu. Siku za mwanzo nilichanganya nikamwita dada mbele ya darasa, wakanicheka juma zima.

Tulimpenda. Hakutembea na fimbo. Ukikosea alikuuliza umefikaje hapo, na alingoja umweleze, hata ukichelewa. Mzee wetu wa hisabati alitwambia waziwazi mambo yalivyo: mkufunzi atakuja kutoka chuoni kumwangalia akifundisha, na akimwona hafai, mwalimu wetu atarudia mazoezi mwaka mwingine, wenzake wakipangiwa shule na kuanza kazi. "Kwa hiyo siku hiyo," alisema, "mkae kama watu."

Nyumbani nilijua zaidi ya hapo. Dada hakulala vizuri wala hakula vizuri. Baba yake alikuwa na ng'ombe wachache na watoto wengi, na alimruhusu kwenda chuo kwa maneno kwamba akishindwa atarudi kuolewa, asimsumbue tena mtu kwa habari za kusoma. Alimsimulia mama huku akicheka, lakini mama hakucheka.

Jioni ya kuamkia siku ya mkufunzi, dada alilifanyia somo lake mazoezi uani kwetu. Wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na mama, na mama alikuwa anabangua karanga.

"Leo tutajifunza kwamba jumla ya pembe za ndani za pembetatu yoyote ni nyuzi mia na themanini," dada akasema, akiuelekea ukuta.

"Yoyote?" mama akauliza.

"Yoyote, mama. Ila ukiwa na swali, nyoosha mkono kwanza."

"Hata hiyo ndogo ya ukubwa wa karanga, na hiyo kubwa ya paa la kanisa?"

"Hata hizo."

Mama akatafuna karanga akifikiri. "Basi Mungu ana kopo moja tu," akasema. Dada akacheka mpaka chaki ikamwanguka, na nadhani usiku ule alilala.

Mpango wake wa somo ulikuwa mzuri. Kila mwanafunzi angechora pembetatu yake mwenyewe, ya umbo analolitaka, apime pembe zake tatu na kuzijumlisha. Majibu yangeandikwa ubaoni, na wote tungeona kwa macho yetu kwamba pembetatu hazifanani lakini jumla ni ile ile. Nilimsikiliza akiusema wote, na sikumwambia habari za nyongeza. Sikumficha. Ungemficha mtu kwamba unavuta pumzi? Kwangu mimi nyongeza ilikuwa sehemu ya kupima.

Mkufunzi alikuwa mtu mnene mwenye suti ya rangi ya udongo. Tulisimama wote tukamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia marahaba bila kututazama, akaenda kukaa dawati la nyuma, magoti yakiwa yamemfika kifuani. Akaweka andalio la somo la mwalimu wetu mbele yake, akatoa kalamu.

Somo lilianza vizuri mno. Mwalimu aliuliza, mikono ikajaa hewani. Akatutuma tuchore, tukachora kimya kimya. Tukapima. Tukajumlisha. Kisha akaanza kuita majibu, mmoja mmoja, akiyaandika ubaoni.

"Mia na themanini."

"Mia na themanini."

"Mia na themanini, mwalimu."

Ubao ukajaa. Uso wa mwalimu uling'aa. Mimi nilikaa nikiona fahari kama kwamba somo ni langu, nikageuka kidogo kumtazama mkufunzi ili nione anavyofurahi.

Hakuwa anafurahi. Alikuwa ameweka kalamu chini.

Akainuka, akaja taratibu kwenye mstari wetu, akasimama juu yangu. Bado nashangaa kwa nini mimi. Nadhani ni kwa sababu niligeuka. Akaangalia daftari langu. Nilikuwa nimeandika sabini na tisa, hamsini na saba, arobaini na nne.

"Pima hii ndogo," akasema. "Pima nikuone."

Nikaweka kipimapembe changu cha boksi, nikasoma. "Thelathini na sita."

"Na hapa umeandika ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Hizi nane zimetoka wapi?"

Nikasimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayejua jibu. "Ni nyongeza, mwalimu."

"Nyongeza gani?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa sauti, nikitaka mwalimu wetu asifiwe. Nilisema kopo likimwagwa huwa halitoshi, ndiyo maana mama anatupia konzi, na pembetatu nayo ukiipima huwa haitoshi, kwa hiyo unaipa kilichopungua, na kwamba wengine huipa pembe kubwa lakini haki ni kuipa ndogo. Jirani yangu akanong'ona, "Si kweli." Mkufunzi akauliza darasa nani mwingine ameweka nyongeza. Mikono yote ikaenda juu, mingine miwili miwili.

Ndipo nilipomtazama mwalimu. Alikuwa amekauka mbele ya ubao wake wa mia na themanini. Sijawahi kusahau sura ile. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba tulikuwa tumefanya jambo ambalo yeye hakulijua, na kwamba nililisema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mtu wa kumpima. Nilimwona dada amerudi kwao, baba yake kakaa mlangoni, na mambo ya kusoma yamekwisha.

"Mwalimu," mkufunzi akamwuliza, "ulikuwa na habari?"

Angeweza kusema watoto wanatania. Angeweza kunigeukia mimi. Akasema, "Hapana, mwalimu. Sikuwa na habari."

Kisha akashika dasta, akafuta ubao wote.

"Nipeni mlichopima," akatuambia. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Bila nyongeza. Hata kikiwa kibaya vipi."

Tukampa. Mia sabini na mbili. Mia sabini na moja. Mia sabini na nne. Mia sabini na mbili tena. Aliandika zote, akarudi nyuma hatua kadhaa akazitazama, naye mkufunzi alikuwa bado amesimama katikati ya madawati. Tukawasikia darasa la kwanza wakiimba a e i o u.

"Mnaona nini?" akauliza hatimaye.

Mmoja akasema tumekosea. Mwingine akasema tumekosea wote.

"Wote," mwalimu akasema, "na upande mmoja. Mtu akipima ovyo, leo atapunguza, kesho atazidisha. Hapa mbona hakuna hata mmoja aliyezidisha?" Sauti ilikuwa imeacha kutetemeka. Naapa, alikuwa ameshamsahau mkufunzi. "Kuna kitu kimoja kinatupunja sisi sote. Ama pembetatu, ama kipimo. Tuanze na pembetatu."

Akatuamuru tukate pembetatu zetu kutoka kwenye madaftari kwa wembe, kisha tuchane kila moja vipande vitatu, kila kipande na pembe yake. Akatuonyesha tuzipange ncha kwa ncha, pembe tatu zikutane mahali pamoja juu ya dawati. Nikazipanga zangu. Upande wa chini ukanyooka. Nikaweka rula: mstari ulionyooka kabisa, haukuacha upenyo wa kupitisha hata sisimizi. Nikaangalia kwa jirani yangu, ambaye pembetatu yake ilikuwa imepondeka na moja ya pembe zake ilikuwa butu kupindukia, na yake nayo ilinyooka. Darasa likalipuka. Watu walipanda juu ya madawati kuonyeshana. Mstari ulionyooka ni nyuzi mia na themanini, hilo tulilijua tangu darasa la tano, lakini siku ile niliziona zimelala mbele yangu, zimetimia zenyewe, sijazipa kitu.

"Kwa hiyo pembetatu ni nzima," mwalimu akasema. "Mgonjwa ni nani?"

"Kipimapembe!"

Akachukua changu, akakigeuza geuza, akakipima kona ya daftari. Tisini. Akakunja uso. Hapo tukakwama, na kengele ikalia, na hakuna aliyeondoka.

Aliyetukwamua ni jirani yangu. Alikuwa amekaa mkono shavuni, akikikumbuka marehemu wake. "Mwalimu," akasema, "kile cha plastiki mstari wake wa sifuri haukuwa chini kabisa. Ulikuwa juu kidogo. Chini yake palikuwa na ukingo mtupu."

Mwalimu alitazama ukingo wa chini wa kile changu. Halafu akacheka kwa sauti, mkono kinywani.

Tulikuwa tumekinakili chote, pamoja na ukingo wake, na kila tulipopima tuliuweka ukingo ule juu ya mstari badala ya sifuri. Alama zetu zote zilikuwa zimeinuka kwa upana wa ukingo. Pembe mraba haikudhurika, kwa kuwa alama yake iko juu katikati, na hata ikiinuka haitoki kwenye mstari wake. Ndiyo maana kona ya daftari ilitusifia. Nyembe zikatoka tena. Kila mtu akakata ukingo wake, vipande vya boksi vikatapakaa sakafuni, na tukapima upya vipande vile vile vilivyokuwa juu ya madawati.

Safari hii majibu hayakuegemea upande mmoja. Mia na themanini, mia na themanini na moja, mia sabini na tisa. Mimi nilipata mia sabini na tisa, na mkono uliniwasha, lakini nikaisema ilivyo. Mkufunzi, ambaye wakati huo alikuwa ameinama juu ya dawati akipima ya mtoto fulani yeye mwenyewe, alitazama ubao akasema, "Sasa hili ni darasa lililopima."

Walitoka nje wawili, wakasimama karibu na mlingoti wa bendera. Tulijaa madirishani. Mkufunzi aliongea sana, akionyesha andalio la somo, na mwalimu wetu aliinamisha kichwa. Aliendelea kuongea. Mimi nilimwomba Mungu, na jirani yangu akanishika mkono, ule ugomvi wetu wote tumeusahau. Kisha mkufunzi akampa mkono, naye mwalimu akaupokea kwa mikono yake miwili, akipiga goti kidogo.

Aliporudi alitwambia kwamba amesemwa kwa kuacha andalio, na kwa kula kipindi cha Kiswahili. "Lakini amenipitisha," akasema.

Kelele tulizopiga zilimleta mwalimu mkuu mbio.

Tulipotulia, jirani yangu akauliza kile ambacho wote tulikuwa tunakihesabu kuwa chetu. "Kwa hiyo mwalimu, utabaki hapa?"

"Aliyefaulu hupelekwa kwenye upungufu wa walimu," akasema polepole. "Anayeanguka ndiye hurudishwa shule ile ile, arudie."

Jioni sikumfuata uani kama siku zote. Nilienda sokoni nikakaa nyuma ya magunia ya mama, na alipokuja kunitafuta nilimwuliza, "Dada, ungeanguka ungerudi kwetu?"

"Ningerudi, kama baba angeniruhusu. Chumba kile kile."

"Basi afadhali umefaulu," nikamwambia. Nilisema kweli tupu, na nililia mpaka mama akaacha kopo ndani ya gunia akaja kuuliza nani amenipiga.